Waliochorwa Walikuwa na Majina

Wasikilizaji wangu wa Kericho, Litein, Sotik, Longisa, Bomet na kokote sauti hii inakofika, natumaini waliokuwa shambani tangu alfajiri wamekwisha kupimiwa majani yao, na ng'ombe wamekamuliwa. Sogezeni viti karibu.

Leo nataka tuzungumze juu ya picha. Nazungumzia picha zilizochorwa kwa mkono, kwa rangi za maji juu ya karatasi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1950. Aliyezichora ni mwanamke ambaye karibu kila Mkenya aliyepita shule amesikia habari zake kwa sababu ya simba aliyeitwa Elsa. Jina lake ni Joy Adamson. Waliochorwa ni watu wa makabila ya Kenya, na Wakipsigis wamo. Wengi wao wamekwisha kufariki, lakini wajukuu wao wapo, wanachuna chai, wanafundisha shule, wanaendesha bodaboda, wananisikiliza sasa hivi. Na wengi wa wajukuu hao hawajui kwamba uso wa mzee wao unaweza kuwa umelala Nairobi, ndani ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa.

Tuanze na mchoraji mwenyewe, maana maisha yake yanaeleza picha zake.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya milki ya Austria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Czech. Wazazi walimpa jina Friederike Victoria Gessner. Alisomea kinanda, akajifunza kuchonga sanamu, akafikiria hata udaktari, na hakuna alichoshika hadi mwisho. Mwaka wa 1937 akapanda meli kuja Kenya. Mume wake, Viktor von Klarwill, alikuwa na asili ya Kiyahudi, na Ulaya ya wakati ule ilikuwa inageuka mahali pa hatari. Mke akatangulia kuja kuona kama wanaweza kuhamia huku. Melini akakutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka wa 1938 akaolewa na Bally. Jina la Joy ni Bally aliyempa.

Bally alikuwa akikusanya mimea, naye Joy akaanza kuichora. Ndipo alipopata kazi yake, akiwa anakaribia miaka 30. Sasa kuchora ua kwa ajili ya mtaalamu wa mimea ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Petali lazima ziwe idadi yake kamili. Jani lazima likae kwenye kikonyo kama linavyokaa porini, na vinyweleo vyake vionekane. Mtaalamu akiitazama karatasi aweze kusema bila wasiwasi kwamba huu ni mmea fulani, wala si ule mwingine unaofanana nao. Nyuma ya ua hakuchorwi mlima wala anga. Karatasi inaachwa tupu, ili jicho lisipotee. Joy akawa hodari wa kazi hiyo. Picha zake zikaingia katika vitabu, na mwaka wa 1947 chama cha kifalme cha wapenda bustani cha Uingereza kikamtunukia medali ya dhahabu ya Grenfell.

Kufikia wakati huo alikuwa ameolewa mara ya tatu, na George Adamson, bwana nyama wa upande wa kaskazini, aliyekuwa na makao Isiolo. Alikwenda pia London akasoma kwa muda katika shule ya sanaa ya Slade. Kisha serikali ya kikoloni ya Kenya ikamkabidhi kazi kubwa: azunguke nchi nzima awachore watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mavazi na mapambo yao ya asili, kabla mavazi hayo hayajatoweka. Alizunguka kwa miaka, akilala kwenye hema, kutoka pwani hadi Turkana, kutoka Ukambani hadi huku magharibi ya Bonde la Ufa. Alitoka na zaidi ya picha 500.

Nawaomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye jambo langu. Jicho lililofunzwa na maua ndilo lililokuja kutazama watu.

Nina maana gani? Chukua picha yoyote katika mkusanyo ule. Kwa kawaida utamwona mtu mmoja, mara nyingi kuanzia kichwani hadi kifuani, mara nyingine amesimama mzima. Nyuma yake kuna karatasi tupu. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna mtoto anayechungulia. Mtu ametolewa mahali pake akawekwa peke yake, vilevile kama lile ua. Kisha anza kutazama vitu alivyovaa, na hapo utastaajabu. Ushanga umehesabiwa. Mshono wa ngozi unaonekana. Ndewe ya sikio iliyotobolewa na kupanuliwa, na kile kinachoning'inia humo, na namna uzito wake unavyovuta nyama ya sikio, vyote vimechorwa na mtu ambaye hakubahatisha.

Fikirieni lile joho la mzee wetu, sambut, la manyoya ya kima au pimbi. Wachache kati yetu wameliona likivaliwa kwa heshima yake, nje ya sherehe za kisiasa ambako mgeni huvishwa kitu kinachofanana nalo. Kulichora joho la namna hiyo kwa rangi za maji ni mtihani. Rangi za maji hazina msamaha. Huwezi kukosea ukafunika juu, kwa sababu rangi ni nyepesi na kosa litaonekana chini yake. Mchoraji huanza na rangi hafifu, aiache ikauke, aongeze nyingine iliyokolea kidogo, aache tena, halafu achukue brashi nyembamba isiyo na maji mengi achore unywele mmoja mmoja. Penye mng'aro wa jua juu ya manyoya, au ncha ya mwanga juu ya ushanga, hapo hapakwi kitu. Weupe huo ni karatasi yenyewe, imeachwa makusudi tangu mwanzo. Kwa hiyo mchoraji lazima ajue mahali pa kutogusa kabla hajaanza kugusa. Na nyinyi mnaijua mvua yetu ya alasiri, pamoja na mawe yake. Katika hewa yenye unyevunyevu namna hii rangi hukataa kukauka, na kila tabaka hudai subira. Muda wote huo aliyechorwa ameketi. Shingo inachoka, nzi anatua, jua linahama.

Mimi namheshimu Joy Adamson kwa kazi hiyo, na nasema hivyo waziwazi. Wako wanaomlaumu kwa kila kitu kwa kuwa alitumwa na wakoloni. Lakini bila yeye, vitu vingi vilivyovaliwa katika vilima hivi tungevijua kwa maelezo ya maneno tu. Kamera za wakati ule zilizotembea mashambani zilitoa picha nyeusi na nyeupe. Yeye alitupa rangi. Nyekundu ya udongo na mafuta juu ya ngozi ya binadamu, buluu ya ushanga wa duka, kahawia ya ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mkono: hizo tunazo kwa sababu yake.

Lakini jicho la maua lina tabia nyingine, na hiyo ndiyo inayoniuma. Mtaalamu wa mimea haulizi ua hili ni la nani, lilipandwa na nani, linaitwaje na jirani zake. Anauliza ni la aina gani. Chini ya picha anaandika aina. Na picha nyingi za Joy Adamson zimetufikia hivyo hivyo: mzee wa kabila fulani, msichana wa kabila fulani, kijana aliyetahiriwa wa kabila fulani. Aina imeandikwa. Mtu hakuandikwa.

Kwetu sisi hilo ni pigo zito kuliko mgeni anavyoweza kufahamu. Wazee wanaonisikia wanajua jinsi jina linavyopatikana kwa Wakipsigis. Mtoto akizaliwa, akina mama huanza kuwaita wahenga waliofariki, jina baada ya jina, na wanamngoja mtoto. Akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi mhenga huyo ndiye aliyerudi, na hilo ndilo jina lake la kurenet. Kwa maneno mengine, ili mtoto apate jina, lazima kuwe na mtu anayeyakumbuka majina ya waliotangulia. Baadaye kijana akitahiriwa ataitwa arap fulani, na hapo analibeba jina la baba yake. Mtu wetu ni mnyororo wa majina. Sasa chukua mzee wa namna hiyo, mzee wa rika la Nyongi au la Maina, mwenye ukoo, mwenye ng'ombe, mwenye kesi alizoamua chini ya mti, umchore hadi unywele wa mwisho wa joho lake, kisha uandike chini: Mkipsigis. Umempa mwili, ukamnyima njia ya kuitwa.

Kuna mfano mwingine ulio karibu nasi kuliko watu wanavyojua. Miaka mingi kabla ya Joy, aliishi huku Kericho mlowezi aitwaye Ian Orchardson. Alijifunza Kipsigis, akaoa kwetu, akaandika kitabu juu ya mila za Wakipsigis kilichochapishwa mwaka wa 1961. Baba yake alikuwa mchoraji mashuhuri wa Uskoti, Sir William Quiller Orchardson, na kazi ya baba huyo inayojulikana kuliko zote inamwonyesha Napoleon akiwa juu ya meli ya Kiingereza, anapelekwa uhamishoni, amesimama peke yake anaitazama Ufaransa. Napoleon alikuwa ameshindwa vita, amenyang'anywa kila kitu, ni mfungwa. Lakini hakuna hata siku moja picha ile iliyowahi kuandikwa chini yake tu: Mfaransa aliyevaa koti.

Na kwa kuwa nimetaja uhamishoni, siwezi kuruka hili. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa walaibon, yaani waaguzi wetu na viongozi wa mila, na watu wa ukoo wao wa Talai, karibu 700, wakang'olewa hapa wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Piga hesabu ya miaka mwenyewe. Wakati Joy Adamson alipokuwa akizunguka na karatasi zake kwa agizo la serikali hiyohiyo, kuhifadhi sura za watu kabla mila hazijapotea, waliokuwa washika mila wakubwa wa vilima hivi walikuwa wamewekwa mbali, mahali pa mbung'o na malaria. Simlaumu yeye kwa hilo, hakuwa na sauti katika jambo lile. Lakini tunapozitazama picha za Wakipsigis tukumbuke kwamba mkusanyo wenyewe una viti vitupu.

Kitu kingine kisichoonekana ni chai. Kampuni kubwa za chai zilikuwa zimekwisha kukaa Kericho tangu miaka ya 1920. Kufikia mwaka wa 1950 Wakipsigis walikuwa wanalima mahindi kwa plau ya ng'ombe, wanazungushia mashamba ua, wanapeleka watoto shule za misheni, wanavaa koti na kaptula. Mwanamume aliyeketi kuchorwa akiwa na ngozi na mapambo huenda aliyatoa darini siku ile, au aliyaazima kwa jirani, kwa sababu ndivyo alivyotakiwa aonekane. Kazi aliyopewa mchoraji ilikuwa kuchora yanayoondoka, si yanayoingia. Kwa hiyo msichukue picha zile kama ushahidi wa namna watu walivyovaa kwenda sokoni Kapkatet mwaka wa 1952. Zichukueni kama ushahidi wa yale ambayo watu wale walikuwa bado wanayajua na kuyatunza. Ni mambo mawili tofauti, na la pili lina thamani kubwa.

Miaka hiyohiyo Waafrika nao walikuwa wameanza kushika brashi. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea sanaa Makerere, alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a picha tano kubwa za maisha ya Kristo, zikakamilika mwaka wa 1959, na ndani yake watu ni Waafrika walio nyumbani kwao, kwenye vilima vyao, na miti yao, na majirani zao wakiwatazama. Ukiziweka kazi hizi mbili akilini kwa pamoja utaona tofauti haraka. Njau hana ushanga uliohesabiwa kama wa Joy. Lakini watu wake wana mahali.

Mwaka wa 1956 Joy Adamson akageukia simba. George alimuua simba jike, akakuta ana watoto, na mmoja wa watoto hao ndiye Elsa. Kitabu cha Joy cha mwaka wa 1960 kikauzwa duniani kote, kikafuatwa na sinema mwaka wa 1966. Picha za watu zikafunikwa na umaarufu wa simba. Alijaribu kuzirudisha machoni mwa watu mwaka wa 1967, kwa kitabu kikubwa juu ya makabila ya Kenya kilichojaa picha zake, lakini dunia ilikuwa imekwisha kuamua inataka kusikia nini kutoka kwake. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa katika hifadhi ya Shaba, na aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa kwa mauaji hayo. Siku hizo habari za kifo chake zilihusu simba na chui. Sura zile zaidi ya 500 za binadamu hazikupata nafasi kubwa.

Sasa tuje kwa la kufanya, maana sikuja kulalamika tu.

Karatasi na rangi za maji haziwezi kutundikwa ukutani mwaka mzima. Mwanga huzila rangi, hasa rangi nyekundu na za waridi, na unyevunyevu huleta ukungu na madoa. Ndiyo sababu makumbusho kokote duniani huweka kazi za namna hii kwenye makasha, gizani, na kuzitoa chache kwa zamu. Kwa hiyo sisemi picha zile zipakiwe kwenye gari ziletwe Kericho. Ninachosema ni kwamba nakala zinaweza kuja. Mashine za kisasa zinaweza kunakili karatasi hadi nyuzi zake zikaonekana. Picha za Wakipsigis zikinakiliwa hivyo, zikachapishwa kwa ukubwa wake halisi, zinaweza kuwekwa maktaba, kwenye ukumbi wa kanisa, Chuo Kikuu cha Kabianga, hata kwenye vituo vya kupimia majani ambako watu hungoja lori kwa saa nyingi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imeweka makumbusho na shughuli za utamaduni katika orodha ya kazi za kaunti. Basi kaunti ya Kericho na kaunti ya Bomet zinayo haki ya kugonga mlango wa Makumbusho ya Taifa na kuomba, tena kwa pamoja. Watu hawa walichorwa kabla Bomet haijatengwa na Kericho mwaka wa 1992, na uso hauna mpaka wa kaunti.

Na kuna haraka. Msichana aliyekuwa na miaka 16 mwaka wa 1950 leo amepita miaka 90. Bado yuko gogo fulani, bibi wa huko Chepalungu au Belgut, ambaye akiwekewa uso mbele yake atasema: huyu ni mume wa shangazi yangu, alikuwa akikaa ng'ambo ya mto, sikio lake moja lilichanika katika ugomvi. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtaalamu aliyeko Nairobi, hata awe na shahada ngapi. Inafanywa na mwenye kumbukumbu, akiwa na mjukuu anayeandika.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, nyinyi wenye wazee. Msingoje kaunti. Wikendi hii muulizeni mzee: unakumbuka mzungu mwanamke aliyekuja na karatasi na rangi? Alipiga hema wapi? Chifu gani aliwaita watu? Nani aliitwa, nani alikataa? Mapambo yalikuwa ya nani? Andikeni jina kamili, jina la kurenet, jina la baba, ukoo, rika na kijiji. Mzee akisema hajui, andikeni majina ya wale anaodhani wanajua, mkawatembelee hao pia. Mkishayapata, yaleteni hapa redioni. Nitayasoma hewani moja baada ya jingine, na orodha tutaipeleka Makumbusho, tuombe ipangwe pamoja na picha.

Wiki ijayo, saa kama hii, nitaanza na yale yatakayokuwa yamefika.